Barua Zenu: Hewa Ukaa, Miti na Mvua ya Siku Moja

Toleo lililopita niliomba maswali kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na bahasha zimekuja za kutosha kujaza gazeti zima. Yanayofanana nimeyaunganisha, ya matusi nimeyapumzisha. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mpimaji wa hali ya hewa mstaafu, si profesa. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimajoto na kipimamvua kila asubuhi saa tatu, na kuandika namba daftarini. Kwa hiyo nitajibu kwa vitu vinavyopimika, na asiyeridhika aandike tena.

Swali: Shikamoo bibi. Tumefundishwa kwamba hewa ukaa ni 0.04% tu ya hewa yote. Kitu kidogo hivyo kinawezaje kupasha dunia nzima joto? Rafiki yangu anasema ni porojo. — Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Marahaba mjukuu wangu. Namba mliyofundishwa ni sahihi, ila rafiki yako ameilinganisha na visivyohusika. Karibu 99% ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, na gesi hizo mbili hazina habari na joto linalopanda kutoka ardhini. Molekuli zake ni za atomu mbili zilizo sawa, na za namna hiyo haziinasi mionzi ya joto, inapita zake. Hewa ukaa ina atomu tatu. Inatikisika, inajipinda, na katika kutikisika huko inainasa ile mionzi kisha inaitawanya pande zote, nyingine ikirudi chini tulipo. Mvuke wa maji na methani nazo hufanya hivyo. Basi hewa ukaa ipimwe dhidi ya gesi chache zinazofanya kazi hiyo, si dhidi ya hewa yote. Bila gesijoto hizi, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi tulizozoea.

Na jambo lenyewe ni la kale kuliko wanasiasa wote unaowasikia redioni. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mitungi ya kioo, akatia vipimajoto ndani, mmoja akaujaza hewa ya kawaida na mwingine hewa ukaa, akaianika juani. Ule wa hewa ukaa ulipata joto zaidi, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba dunia yenye gesi hiyo kwa wingi ingekuwa na joto kubwa zaidi. Makala yake ilisomwa na mwanamume mbele ya mkutano wa wanasayansi, kisha ikasahaulika zaidi ya miaka mia. (Mniruhusu ninune kidogo hapo.) Mwaka 1859 John Tyndall akaipima gesi hiyo na nyingine jijini London kwa vyombo bora zaidi. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu kwa mkono: hewa ukaa ikiwa maradufu, joto litapanda nyuzi 5 au 6. Alizidisha, makadirio ya sasa yanazunguka nyuzi 3. Lakini hakuwa hata na kikokotoo.

Sasa irudie hiyo 0.04% yako. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa 0.028%, yaani sehemu 280 katika kila milioni. Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama sehemu 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420. Maana yake tumeongeza nusu nzima juu ya kiasi cha awali. Na mapovu ya hewa ya kale yaliyomo ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba katika miaka 800,000 iliyopita, hadi kabla ya viwanda, kiasi hicho kilipanda na kushuka kati ya 180 na 300 hivi. Mpelekee rafiki yako hiyo.

Swali: Mama, mimi ni dereva wa masafa marefu, nasikiliza mijadala mingi barabarani. Tabianchi imebadilika tangu enzi na enzi, hata kabla ya magari. Kuna jua, kuna volkano. Mbona lawama zote zinatupwa kwetu?

Kwamba imewahi kubadilika bila sisi, kweli kabisa. Lakini anayechunguza moto wa leo haishii kusema moto uliwahi kutokea zamani. Anatafuta alama za huu wa leo. Nazo zipo.

Jua kwanza. Lingekuwa ndilo chanzo, anga ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Kinachopimwa ni kinyume: huku chini joto linapanda, kule juu kwenye tabaka la stratosfia linashuka. Mwanasayansi Syukuro Manabe na mwenzake walipiga hesabu mwaka 1967, wakatabiri kwamba hewa ukaa ikiongezeka itakuwa hivyo hivyo, kabla halijapimwa, na Manabe alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021 kwa kazi zake za kuielezea tabianchi kwa hesabu.

Alama ya pili ninaijua kwa macho yangu. Kipimajoto cha kiwango cha chini kina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba cha kioo. Usiku hewa ikipoa, spiriti hurudi nyuma ikikivuta kijiti. Asubuhi ikipanda, inakiacha palepale. Wewe unasoma ncha iliyo mbali na balbu, unaandika, halafu unakiinamisha chombo ili kijiti kirudi kwenye ukingo wa spiriti. Namba ile ndiyo baridi ya mwisho ya usiku. Tangu katikati ya karne ya 20, sehemu nyingi za nchi kavu duniani namba za usiku zimepanda haraka kuliko za mchana. Usiku jua halipo, dereva wangu. Kilichopo ni hewa inayozuia joto la ardhini lisiondoke.

Ya tatu ni kaboni yenyewe. Kaboni ya mimea hai ina chembe za kaboni-14, ambayo huchakaa na kwisha baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Makaa ya mawe na petroli vimekaa chini mamilioni ya miaka, havina hata chembe. Kwa hiyo vikichomwa kwa wingi, uwiano wa kaboni-14 hewani unashuka, na ndivyo ulivyoshuka. Volkano? Zote za dunia, za nchi kavu na za baharini, kwa mwaka hazifikishi hata 1% ya hewa ukaa tunayotoa sisi.

Na kwa kuwa unaendesha: lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, lakini ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Uzito uliozidi ni oksijeni iliyovutwa kutoka hewani ikaungana na kaboni. Dizeli inafika kilo 2.7 hivi.

Swali: Je, joto limeongezeka kwa sababu utando wa ozoni umetoboka? — Wengi, wengi mno

Hapana. Hili nimelijibu mara nyingi, na litarudi tena mwezi ujao, najua.

Ozoni ya juu inazuia mionzi ya jua inayounguza ngozi na kuharibu macho. Iliharibiwa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974, na mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba juu ya Antaktika utando umekonda vibaya. Mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, nchi zote za Umoja wa Mataifa zikauridhia, kemikali zikaondolewa, na utando unajirudi taratibu. Juu ya Antaktika unatarajiwa kufikia hali ya 1980 mnamo miaka ya 2060. Ongezeko la joto ni shauri la hewa ukaa na wenzake.

Kinachowachanganya watu ni kwamba zile kemikali za majokofu zilikuwa pia gesijoto kali. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, ila zinanasa joto mno, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kuzipunguza nazo. Fundi wa majokofu anayeiachia gesi ipotee hewani badala ya kuivuta kwenye mtungi ana mkono wake humo.

Swali: Mama, naomba ufafanuzi. Mwaka huu mnasema ukame, mwaka unaofuata mnasema mafuriko, na vyote mnasema ni tabianchi. Si mchague kimoja? Mimi mkulima nipande nini? — Mkulima aliyechoka na utabiri

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban 7%. Hiyo ndiyo siri ya vyote viwili. Hewa yenye kiu zaidi inanyonya maji udongoni na kwenye majani, na mvua ikichelewa shamba linakauka mapema kuliko zamani. Kisha hewa hiyohiyo iliyoshiba mvuke ikipata nafasi ya kuuachia, inaumwaga kwa mkupuo.

Twende kwenye kipimamvua. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Milimita 60 kwenye hekta ni lita 600,000. Zikija kwa siku kumi, milimita sita sita, udongo unazinywa zote. Zikija alasiri moja, udongo unapokea za mwanzo, unajifunga, zilizobaki zinakimbilia bondeni na rutuba yako. Daftarini mwangu jumla ya mwezi inasomeka 60 katika hali zote mbili. Ndiyo maana nasema jumla ya mvua ya msimu imewadanganya wengi: uliza pia imegawanyika siku ngapi.

Mfano hai ni Pembe ya Afrika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Kundi la watafiti la World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kupima mkono wa tabianchi katika tukio moja moja, lilikadiria kwamba ongezeko la joto lilifanya ukame ule wa udongo uwezekane takriban mara 100 zaidi. Halafu mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaja na mafuriko katika eneo lilelile. El Niño ilichangia, joto la Bahari ya Hindi kuwa kubwa upande wa magharibi kuliko mashariki likachangia, na juu ya hayo wakakadiria kuwa ongezeko la joto lilizidisha mvua ile, pengine hadi maradufu.

Lakini watafiti haohao, walipochunguza ukame wa kusini mwa Madagaska mwaka 2021, walisema mkono wa tabianchi ulikuwa mdogo, kama ulikuwepo. Kilichowaangusha watu ni umaskini, kutegemea mvua tupu, na mabadiliko ya kawaida ya misimu. Nawaheshimu kwa hilo. Kiongozi ambaye mfereji wake umeziba taka kwa miaka asije kutuambia mafuriko ni tabianchi.

Cha kupanda siwezi kukuambia bila kuujua udongo wako. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ya kwanza siku hizi ni kuyachelewesha maji: makinga maji yanayofuata kontua, mashimo ya kupandia, matandazo juu ya udongo, lambo la kukusanya yanayokimbia. Na mbegu moja kwenye shamba lote ni kamari. Changanya ya muda mfupi na ya muda mrefu.

Swali: Kikundi chetu cha vijana kimepanda miche mingi, tumepongezwa hadi na viongozi. Lakini ndugu yangu mmoja, mjuaji, anasema miti haitaokoa chochote. Nani mkweli? — Katibu wa kikundi

Ndugu yako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo ngumu kuimeza, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Chukua pipa lenye bomba juu na tundu dogo chini. Bomba ni hewa ukaa tunayotoa: kutokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kutengeneza saruji, inafika takriban tani bilioni 37 kwa mwaka. Tundu ni bahari na mimea, ambavyo kwa pamoja vinaondoa kama nusu ya tunachotoa. Inayobaki inarundikana. Joto linafuata maji yaliyomo pipani. Kasi ya bomba ya mwaka huu ni jambo jingine. Ukipunguza bomba kwa nusu, pipa halishuki. Linaacha tu kujaa kwa haraka. Na sehemu kubwa ya hewa ukaa ya ziada inadumu karne nyingi, nyingine maelfu ya miaka. Kwa hiyo mimi kila nikiletewa suluhisho nauliza maswali mawili: linazuia kiasi gani kisiingie au linatoa kiasi gani, na kilichotolewa kitakaa nje kwa muda gani?

Uulize mti maswali hayo. Mti mkavu wa tani moja, nusu yake ni kaboni, sawa na kama tani 1.8 za hewa ukaa. Hiyo ni petroli lita 800 hivi, yaani matangi 16 ya gari la lita 50. Mti ulichukua miaka mingi kuikusanya. Dereva mwenye haraka anaimaliza kwa miezi michache. Halafu mti ni ghala lisilo na kufuli. Ukiungua au ukioza, kaboni inarudi hewani, ilhali makaa ya mawe yaliyoachwa ardhini yatakaa huko bila mlinzi. Ndiyo maana kampuni inayochoma mafuta na kusema imefuta madhambi yake kwa miche inanikera. Imetoa kaboni ya mamilioni ya miaka, ikaweka rehani mti wa miaka thelathini.

Hiyo ndiyo nusu ya ndugu yako. Nusu yako ni hii: miti inashusha joto la pale ilipo, inashika udongo, inapunguza kasi ya maji, inafuga nyuki, na kuuacha msitu uliosimama kunafaa kuliko upandaji wowote, maana kaboni yake iko tayari. Kwa hiyo pandeni, lakini msihesabu miche iliyoingia shimoni. Hesabuni iliyo hai baada ya misimu mitatu. Msipande kwenye mbuga asilia za nyasi, zina uhai wake na kaboni yake ardhini. Mikoko msiichomeke kwenye matope yanayofunikwa na maji muda wote kwa sababu tu hayana mwenyewe, itakufa. Ikiwa mahali pake, mikoko ni hazina: kaboni yake nyingi iko ndani ya tope lisilo na oksijeni, ambako haiozi upesi, na mizizi inavunja nguvu ya mawimbi.

Na kabla ya kununua mche, angalieni chini. Kusini mwa Niger, tangu miaka ya 1980, wakulima wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5, na sehemu kubwa hawakuipanda. Waliacha visiki vilivyokuwa hai vichipue, wakachagua chipukizi chache zenye nguvu, wakapogoa zilizobaki na kuzilinda dhidi ya mifugo. Njia hiyo ndiyo tunayoiita kisiki hai. Mizizi tayari iko chini sana, haiombi maji. Kilichosaidia zaidi ni kwamba mkulima alianza kuuona mti wa shambani kuwa wake. Zamani ulihesabiwa ni mali ya serikali, na nani alinde mali ambayo akiikata anashtakiwa na akiilea hafaidiki?

Swali: Mnatutisha kila siku. Taja suluhisho, kwa kifupi, mimi nina kazi. — Fundi umeme

Kufunga bomba. Yaani umeme usiotokana na kuchoma kitu, kisha kuhamishia magari, majiko na mashine kwenye umeme huo. Wewe fundi unajua kwa nini: injini ya petroli inapoteza zaidi ya theluthi mbili ya nishati kama joto, mota ya umeme inapoteza kidogo tu. Kati ya 2010 na 2023 gharama ya umeme wa jua kutoka mitambo mikubwa ilishuka kwa takriban 90%, na betri nazo zimeporomoka, kwa hiyo hoja ya kwamba ni anasa ya matajiri imezeeka.

La pili ni methani, ile ya visima na mabomba ya gesi yanayovuja, madampo, mashamba ya mpunga na mifugo. Kwa kipindi cha miaka 20 inanasa joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa uzito uleule, lakini inadumu kama miaka 12 tu. Ukiziba leo, nafuu unaiona wewe mwenyewe, hungoji wajukuu. Nchi nyingi zimeahidi tangu 2021 kuipunguza kwa 30% ifikapo 2030. Ahadi.

Mashine za kunyonya hewa ukaa kutoka hewani zipo. Mtambo wa Orca wa Iceland, uliofunguliwa 2021, ulijengwa kwa uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka. Dunia inatoa kiasi hicho kwa sekunde tatu na nusu hivi. Utafiti uendelee, lakini anayekuambia tuchome tu kwa sababu mashine zinakuja, mwonyeshe hizo sekunde. Saruji ni ngumu kweli, kwa kuwa mawe ya chokaa yenyewe yanatoa hewa ukaa yakichomwa, hata moto uwe safi vipi. Huko tutahitaji akili mpya.

Na yasiyozuilika tuyahimili. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Wakajenga majengo ya kukimbilia, wakaweka watu wa kujitolea wenye vipaza sauti, wakaboresha utabiri. Kimbunga Amphan mwaka 2020 kilipokaribia, walihamisha zaidi ya watu milioni 2, na vifo vilihesabika kwa makumi. Vimbunga havilingani, sawa, lakini tofauti hiyo haikuletwa na upepo.

Swali: Mama yangu, Afrika yote inatoa chini ya 4% ya hewa ukaa ya dunia. Walioharibu walipe, sisi tuachwe tujenge viwanda kwa makaa ya mawe kama wao. — Mwananchi mwenye hasira

Hasira yako ina hesabu nyuma yake. Kwa kuwa kinachopasha ni jumla iliyorundikana, Marekani peke yake inabeba karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na mafuta na makaa tangu mwanzo wa viwanda, ingawa kwa mwaka mmoja mmoja sasa China ndiyo inayoongoza. Na ulipaji una historia ya kusuasua. Mwaka 2009 jijini Copenhagen nchi tajiri ziliahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, zilifikisha 2022. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, na kwenye ule wa Baku, Azabajani, 2024 wakaahidi kufikisha dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ambazo nchi zinazoendelea zilisema waziwazi hazitoshi. Sehemu kubwa ya fedha hizo huja kama mikopo. Ukikopeshwa ili ujikinge na moshi wa jirani, nani hasa anayelipa?

Dai, usichoke kudai. Lakini mtambo wa makaa ya mawe ukijengwa unatufunga miaka arobaini, na makaa yake, kama hatuna yetu, tutaagiza kwa fedha za kigeni wakati jua halitoi ankara. Sioni kwa nini deni la mwingine litufanye tununue mashine anayoitupa.

Swali: Tukiacha kuchafua leo, joto litarudi kama zamani? Na ile nyuzi 1.5 tumeshaipita? — Mwalimu wa jiografia

Utoaji wa hewa ukaa ukifika sifuri halisi, yaani tunachotoa kisizidi tunachoondoa, joto linaacha kupanda. Halirudi chini kwa karne nyingi. Pipa limeacha kujaa, lakini bado limejaa. Bahari itaendelea kupanda hata hivyo, kwa sababu zaidi ya 90% ya joto la ziada limeingia humo na barafu huchelewa kuyeyuka. Tangu 1901 imepanda kama sentimita 20, na kasi inaongezeka. Mwaka 2024 wastani ulipita nyuzi 1.5 juu ya enzi za kabla ya viwanda kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima wa kalenda, kwa takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Makubaliano ya Paris ya 2015, yaliyoweka lengo hilo la 1.5, yanazungumzia wastani wa muda mrefu, si mwaka mmoja, kwa hiyo kisheria bado. Waambie wanafunzi si ukuta ambao ukiupita basi yamekwisha: 1.6 ni afadhali kuliko 1.7.

Swali: Shikamoo bibi. Nina miaka kumi na moja. Nataka kupima mvua kama wewe. Nifanyeje?

Marahaba kipenzi. Tafuta chombo chenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, mdomo upana sawasawa na chini. Chupa iliyobinuka itakudanganya. Kiweke mahali pa wazi, mbali na miti na ukuta: mti ukiwa mrefu wa mita tano, kaa mbali nao mita kumi. Kiegemeze kwa mawe kisianguke, na kiinuke kidogo kutoka ardhini matone yasirukie ndani. Kila siku saa ileile, soma kina cha maji kwa rula, kwa milimita, jicho likiwa usawa wa maji. Andika tarehe na namba, kisha mwaga. Ukikuta matone tu yasiyopimika, andika "kidogo". Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi, maana mtu akikuta pengo hatajua kama haikunyesha au ulilala. Ukifikisha msimu mzima niletee daftari, nitakufundisha kuchora grafu yake.